Ruhusa ya Saa Nne

Barua ya kuninyima ruhusa ya kumnyonyesha mwanangu niliipiga chapa mwenyewe. Nakala tatu: moja ya jalada, moja ya mkoani, ya tatu yangu mimi. Niliipiga bila kosa hata moja, nikaweka kumbukumbu namba juu, nikaichomoa kwenye mashine, nikaipeleka masijala isajiliwe. Baada ya chai tarishi akaniletea ileile, nikasaini kitabu kwamba nimeipokea. Ilibidi niifungue kama mtu asiyejua kilichomo.

Watu wakinisikia nasimulia hucheka. Wacheke. Mimi hata sasa naandika nimekaza meno.

Nilikuwa mpiga chapa kwenye tawi la shirika moja la kununua mazao, pale Kiomboi. Shirika silitaji, maana bado ndilo linaloniajiri. Vijiji vilituletea alizeti, mtama, asali na nta, sisi tunapima, tunaandika, malori yanapeleka Singida. Ndani tulikuwa watu wanne: meneja, karani wa masijala anayetunza majalada na kusajili barua, tarishi anayezitembeza, na mimi. Mtunza ghala alikuwa na kibanda chake uani. Watu wanne, chumba kimoja kirefu, kimegawanywa kwa ukuta wa mbao usiofika darini. Meneja akikohoa kwake, mimi kwangu nilijua kama ni kikohozi cha vumbi au cha hasira. Na mimi nikikosea herufi, yeye alisikia mashine ikirudi nyuma, akaguna.

Na bado tulikuwa tunaandikiana barua.

Sheria hiyo aliileta meneja, na ili nisionekane namsingizia, nitasema ilikotoka. Mwaka ule nilioajiriwa, mkubwa mmoja wa mkoani alimpigia simu akamwamuru apeleke lori Singida siku hiyohiyo. Akalipeleka. Mwezi uliofuata ikaja barua kutoka mkoani kuuliza nani aliyetoa amri lori liondoke. Yule mkubwa akasema hakumbuki kumpigia mtu simu. Meneja akapewa barua ya onyo, ikawekwa kwenye jalada lake mpaka leo. Akaenda kozi ya utawala Morogoro, akarudi na dawa yake: kuanzia siku ile, hakuna neno la kiofisi litakalosemwa kwa mdomo.

"Ndugu," aliniambia wakati ananipa waraka huo niupige chapa, "neno la mdomo halina kumbukumbu namba. Kesho nikiulizwa, nitalitoa wapi?"

Niliupiga. Nilikuwa binti tu, nimetoka kidato cha nne, nikasoma taipu, naogopa kila mtu mwenye meza.

Salamu aliziacha. Asingeweza kuzigusa. Karani wa masijala alikuwa na umri wa baba yake, na kila asubuhi meneja alipoingia alimwamkia shikamoo kama inavyotakiwa, na karani akaitika marahaba bila kuinua macho kwenye majalada. Basi sisi tukahamishia kazi kwenye salamu.

"Za nyumbani, mama?" karani aliniuliza.

"Nzuri. Za kwako, mzee?"

"Salama. Wazazi hawajambo? Wino wa mhuri umekwisha."

"Hawajambo. Nimeuweka kwenye orodha tangu jana. Mkeo ameamkaje?"

"Ameamka vizuri. Hiyo orodha nayo sijaiona."

Meneja alikuwa anatusikia juu ya mbao. Siku mbili baadaye ukatoka waraka wa pili: salamu zihusu afya peke yake.

Halafu kulikuwa na mbuzi. Mtunza ghala aliona mbuzi sita wameingia uani na kuchana gunia la alizeti. Zamani angerusha jiwe na kupiga kelele. Sasa alichukua kalamu akaandika dokezo: "Naomba kukuarifu kwamba mbuzi wanakula alizeti." Dokezo likaenda masijala, likapigwa mhuri, tarishi akalivusha hatua nane mpaka kwa meneja. Meneja alikuwa anawaona mbuzi dirishani kwake. Mmoja, wa mabaka, alikuwa amesimama anatafuna huku anamtazama usoni. Lakini asingeweza kushughulikia jambo ambalo halijamfikia. Lilipomfikia akaandika pembeni: "Mbuzi ni wa nani? Toa maelezo." Likarudi. Wakati mtunza ghala anatoa maelezo, mbuzi walikuwa wamekwisha shiba, wamelala kivulini wanacheua. Aliyewafukuza ni mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo yake ya maji. Huyo hakuwa mwajiriwa, kwa hiyo kusema "shii!" ilikuwa halali yake.

Siku ile nilicheka mpaka nikaegemea mashine. Nilikuwa sijazaa.

Mwanangu ni wa kike. Likizo ya uzazi ilipoisha alikuwa na miezi mitatu. Mume wangu ni mwalimu, na wakati huo alikuwa amehamishiwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa, mbali, tunamwona mwisho wa mwezi. Nilikaa na mama mkwe wangu kwenye njia ya Kinampanda, mwendo wa nusu saa hadi ofisini ukikaza miguu. Asubuhi namnyonyesha mtoto, namkabidhi kwa bibi yake saa moja, natoka. Narudi saa tisa. Kwa saa nane nzima mtoto hakuwa anakula kitu. Tulimpa uji mwembamba wa mtama, akautema. Tukampa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, akafumba mdomo. Bibi yake alijaribu kikombe, akajaribu kibuyu kidogo, akajaribu kuchovya kidole.

"Amekataa, mwanangu," aliniambia. "Analia mpaka sauti inakauka, halafu analala kwa hasira. Huyu ni wewe mtupu."

Kliniki muuguzi alimning'iniza kwenye mizani, akaangalia kadi, akaangalia tena.

"Mwezi uliopita alikuwa hapa. Mwezi huu yuko palepale. Mtoto wa umri huu hakai palepale. Mchana unamnyonyesha?"

"Mchana niko kazini."

"Kazi gani hiyo isiyo na mwanya?"

"Ya kuandika barua."

Akanitazama kama mtu anayetaka kunipiga. "Sikiliza, mama. Mwezi ujao akishuka, namlaza wodini. Sitakuuliza."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa habari yangu. Nilitaka ruhusa ya kila siku, saa nne mpaka saa tano na nusu: niende, nimnyonyeshe, nirudi. Ikifika saa nne maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe hata hivyo. Nilikuwa napiga chapa orodha ya madebe ya asali huku kifua kimelowa, kanga nimeifunga juu ya gauni, nzi wananifuata mimi wanaacha asali.

Nilimwendea meneja uso kwa uso. Nikamwamkia, akaitika. Nikasema ninachotaka, kwa mdomo, maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kisha akanyoosha kidole, akanionyesha trei ya barua zinazoingia.

Nikaandika barua.

Sasa hapa lazima nieleze, maana asiyefanya kazi ofisini hataamini. Mfanyakazi kama mimi haruhusiwi kumwandikia meneja moja kwa moja. Barua inapitia kwa Ofisa Utumishi, yeye anaisoma, anatoa mapendekezo yake, ndipo inamfikia meneja. Ofisa Utumishi wetu alikuwa amehamishwa mwaka mzima uliopita na hajaletwa mwingine. Aliyekaimu nafasi yake ni meneja. Kwa hiyo barua yangu ilitakiwa iende kwa meneja, kupitia kwa meneja.

Mtu mwingine angeona hapo kuna njia fupi. Meneja wetu aliona hapo kuna hatari ya upendeleo. Upande wake wa mbao kulikuwa na meza mbili: kubwa, dirishani, ya meneja, ndogo, karibu na kabati, ya Ofisa Utumishi. Asubuhi alikaa kubwa. Baada ya chai alihamia ndogo. Meneja aliandika kwa wino mwekundu, Kaimu aliandika kwa wino wa bluu, na saini zilitofautiana, ya Kaimu ilikuwa na mkia.

"Akihama meza anahama na akili," karani aliniambia pale nje, tulipokuwa tunakunywa chai. "Usimfuate asubuhi kwa jambo la mchana."

Barua yangu ilipita masijala, ikamfikia Kaimu kwenye meza ndogo. Mapendekezo yake aliniletea tarishi niyapige chapa: "Mwombaji ni mfanyakazi mwadilifu. Mtoto ni mjenga nchi wa kesho. Kumnyima ziwa ni kulinyima taifa. Napendekeza akubaliwe." Macho yalinilowa juu ya mashine. Nilimwona mtu yule kama baba.

Kesho yake asubuhi tarishi akaniletea rasimu ya wino mwekundu. "Nimesoma mapendekezo ya Kaimu Ofisa Utumishi. Inaonekana Kaimu ameongozwa na huruma badala ya taratibu. Kazi za shirika haziwezi kusimama saa moja na nusu kila siku. Ombi halikukubaliwa. Kaimu akumbushwe wajibu wake."

Hiyo ndiyo barua niliyoanza nayo. Niliipiga, nikaipeleka, ikarudi kwangu, nikasaini. Kaimu naye alipelekewa ile ya jalada baada ya chai. Nilipanda juu ya stuli nikachungulia juu ya mbao, sikujali. Nilimwona amekaa meza ndogo, anafungua bahasha, anasoma. Alipofika mwisho akasonya.

Naapa. Alisonya. Akachukua kalamu ya bluu, akaanza kumjibu.

Wiki mbili nilifanya kazi ya kuwapigia chapa wagombanao. Asubuhi Meneja anamwambia Kaimu kwamba hajui kazi. Mchana Kaimu, "kwa heshima na taadhima," anamkumbusha Meneja kwamba viongozi wa nchi hii wamesema mfanyakazi si mashine. Wote wanamalizia "Wako katika ujenzi wa Taifa." Mimi katikati, vidole vinauma, kifua kinauma. Mwishowe Kaimu akakata rufaa mkoani dhidi ya Meneja. Lakini barua ya Kaimu kwenda mkoani ilitakiwa kupitia kwa Meneja. Meneja akaipitisha, na chini yake akaandika kwa wino mwekundu kwamba anaipinga. Naye, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaniandikia mimi nitoe ushahidi kwamba kweli mtoto hali kitu kingine, uwekwe kwenye jalada kama kiambatanisho.

Nikapeleka kadi ya kliniki. Ikarudi. "Kadi inaonyesha uzito. Haionyeshi kukataa uji."

Juma hilohilo nilikuwa nimetoka kliniki tena. Mtoto alikuwa ameshuka. Muuguzi alikuwa ameshika kalamu tayari aniandikie kitanda, nikamshika mkono. Nilimwomba siku tano. Sikumwambia nitafanya nini, maana nilikuwa sijui. Nilijua tu kwamba siku tano zikiisha mwanangu analala wodini kwa sababu ya hatua nane kati ya masijala na meza ya meneja.

Asubuhi iliyofuata nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda naye kazini. Niliandika barua, mistari miwili. "Rejea barua yako kuhusu ushahidi. Ushahidi unaambatanishwa." Na chini kabisa, pembe ya kushoto, kama nilivyofundishwa: "Kiambatanisho: kimoja."

Karani aliisoma akiwa ameshusha miwani.

"Kiambatanisho kimoja."

"Ndiyo, mzee."

"Kipo?"

"Kipo mgongoni."

Nilidhani atanifukuza. Akafungua rejista, akaandika tarehe, akaandika mada, kwenye safu ya viambatanisho akaandika moja. Akapiga mhuri kwenye barua. Kisha akamtazama mtoto, mhuri bado mkononi, akamtazama kwenye paji la uso, akafikiri.

"Mzee!" nilisema.

"Basi kwenye kanga," akasema, akagonga pindo la kanga: IMEPOKELEWA. "Bila mhuri ataikataa. Namjua."

Tarishi alikuwa mtu mzima, aliwahi kuwa askari enzi za Mwingereza, na hakuwahi kuuliza anabeba nini. Alimpokea mtoto kwenye mikono yote miwili, kitabu cha kusainia akakibana kwapani, barua akaishika kwa meno, akavuka hatua zake nane. Nilimfuata, nikaweka flaski ya uji na kijiko juu ya trei ya barua zinazoingia, nikarudi kwenye mashine yangu, nikakaa nimenyooka kama mtu aliye kanisani.

Ilikuwa baada ya chai. Kaimu alisaini kwa bluu. Nilisikia kiti kinasogea, flaski inafunguliwa, kijiko kinagonga kikombe. Halafu nikasikia mwanangu anatema, sauti ile naijua, na Kaimu anavuta pumzi. Aliandika muda mrefu. Baadaye nilisoma maneno yenyewe kwenye jalada, yana doa la uji: "Nimehakiki mwenyewe. Kiambatanisho kimekataa. Nakiwasilisha kwa Meneja."

Kisha hatua mbili. Alikuwa amesimama, amembeba, anampeleka kwenye meza kubwa. Kiti kikubwa kikalia. Akasaini kwa nyekundu.

Mtoto akaanza kulia. Si kulia kwa deko, ni kulia kwa njaa ya kuanzia asubuhi, maana nilimleta hajanyonya, kwa makusudi, na Mungu anisamehe. Mbao zilitetemeka. Wapima mazao waliokuwa uani waliacha kupima, wakaja dirishani. Nyuki wa kwenye madebe ya asali, ambao kila siku walikuwa wanazunguka mle ndani, nadhani hata wao walitoka. Na meneja wetu, kwa mara ya kwanza tangu waraka ule, alipaza sauti:

"Mchukueni! Nasema mchukueni mtoto huyu!"

Tarishi akanitazama. Karani akanitazama. Maziwa yalikuwa yananitiririka mpaka tumboni. Nilisema kwa sauti ya kusikika juu ya mbao:

"Ndugu Meneja, naomba maandishi."

Wale wa dirishani waliangua kicheko. Mmoja akasema, "Huyo mama kaiva!" Meneja akaandika. Aliandika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mtoto, na tarishi akaja na mtoto, na dokezo lililopinda kama njia ya mbuzi: "Kiambatanisho kihifadhiwe masijala mpaka suala litakapoamuliwa."

Karani alilisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Mama," akasema polepole, "kiambatanisho kinakaa kwangu mpaka suala liamuliwe."

"Nimesikia."

"Mfanyakazi yeyote anaruhusiwa kusoma jalada linalomhusu. Haombi ruhusa. Anasaini tu kitabu."

Nikachukua kalamu. Jina langu, jalada la ruhusa, saa nne na dakika arobaini. Nikaingia nyuma ya rafu, nikakaa juu ya sanduku la majalada yaliyofungwa, nikampa mwanangu ziwa. Alilivuta kama anadai.

Kuanzia hapo kila asubuhi nilifika na mtoto mgongoni. Karani alikuwa amemtandikia gunia safi la mtama kwenye rafu ya chini, kati ya majalada ya nta na majalada ya malori. Saa nne nilisaini, nikaingia, nikatoka baada ya dakika ishirini. Dakika ishirini! Wao walininyima saa moja na nusu, nami nilikuwa natumia dakika ishirini, na meneja alikuwa anajua, maana kitabu cha wanaosoma majalada kilipelekwa kwake kila Ijumaa, naye alikikagua na kuandika kwa wino mwekundu, "Safi. Wafanyakazi wengine nao wasome majalada yao."

"Huyu mtoto unampeleka wapi kila siku?" mama mkwe aliniuliza.

"Masijala."

"Ndiyo wapi huko?"

"Mahali barua zinapolala, mama."

"Na yeye analala?"

"Analala."

"Basi usimtoe."

Siku zile tano zilipoisha nilirudi kliniki. Sindano ya mizani ilikuwa imepanda kidogo, kama upana wa ukucha. Muuguzi aliweka kalamu chini. Mwezi uliofuata ikapanda sawasawa. Nilianza kupumua. Nilijua kitu kimoja tu sasa: suala langu lisije likaamuliwa. Likiamuliwa hapana, mtoto anarudi nyumbani kulia. Likiamuliwa ndiyo, kiambatanisho kinatoka masijala, na mimi naanza kukimbia njia ya Kinampanda mchana wa jua kwa ajili ya kile ninachokipata nyuma ya rafu. Kila bahasha kutoka mkoani nilikuwa naishika kwa vidole viwili.

Ikaja. Ilikuwa juu ya ile rufaa ya Kaimu. "Tumepokea. Hata hivyo imetajwa kuwepo kwa kiambatanisho, nacho hakikuonekana ndani ya bahasha. Tafadhali kitumeni kwa lori la Ijumaa ili uamuzi utolewe." Pembeni Meneja alikuwa amekwisha andika neno moja kwa nyekundu, kunielekeza mimi niandae barua ya kusindikiza: "Tekeleza."

Nilisoma mara moja tu. Sikupita masijala, sikumwita tarishi, sikuandika. Nilizunguka ukuta wa mbao nikasimama mbele yake. Alikuwa meza ndogo.

"Mwanangu umwandikie lori?"

Akainua mkono kuelekea trei.

"Trei hiyo nitaitupa nje. Nakuuliza, mwanangu wa miezi sita umwandikie lori la alizeti, aende Singida kuangaliwa?"

Akageuka kuona kama mlango umefungwa. Kisha akaniinamia, na akasema, kwa sauti ya chini kabisa, ya mtu anayemsengenya jirani:

"Ndugu, mimi nilikukubalia tangu siku ya kwanza. Tatizo ni Meneja."

"Ni mtu mgumu sana yule," akaendelea. "Nimemwandikia mara tatu."

"Basi mwambie."

"Nitamwandikia tena leo."

"Usimwandikie. Mwambie." Nikanyoosha kidole kwenye meza kubwa, kiti kitupu, kofia yake imening'inia pembeni. "Yule pale. Mwambie sasa hivi nasikia."

Nilidhani atakasirika, au atacheka, na angecheka ningemaliza kazi yangu siku ile. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikitazama kiti. Alikitazama kwa muda, kama mtu anayemwogopa mkubwa wake. Akakohoa. Akakitazama tena.

"Ndugu Meneja," akakiambia, "mtoto asiende."

Akasubiri. Mimi pia nikasubiri, na hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo, kwamba nilikuwa nimesimama nimekazia macho kiti kitupu, nangoja kitajibu nini.

Kisha akainuka. Akatembea hatua mbili, akakaa meza kubwa, akavuta trei, akachukua kalamu nyekundu, akafungua kifuniko. Akakirudisha. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Asiende," akasema kwa mdomo. Na baada ya kidogo: "Hilo usiliandike popote."

Nimeliandika.

Mkoani tulijibu kwamba kiambatanisho kinatumika ofisini na kitatumwa matumizi yatakapokwisha. Wakajibu kwamba wanasubiri. Mwanangu alinyonya nyuma ya rafu ile mpaka akaota meno, akajifunza kukaa akiegemea majalada ya malori, akaanza kula uji mwenyewe siku aliyotaka yeye. Kaimu na Meneja hawajapatana. Ofisa Utumishi mpya hajaletwa. Na kila baada ya miezi michache mkoani wanatukumbusha: "Rejea barua yetu. Bado tunasubiri." Naipiga chapa ileile, matumizi hayajaisha, naipeleka isajiliwe.

Watu wa kamati ya wafanyakazi waliniuliza kwa nini sikuwaendea wao. Niliwaendea. Walinitaka niandike barua, kupitia kwa Ofisa Utumishi.

Sasa nina mimba ya pili, ya miezi sita. Juzi karani aliniita, akanionyesha jalada langu. Limenenepa, amelifunga kamba. Anastaafu mwisho wa mwaka na alikuwa anapitia yaliyo wazi ili afunge ya kufungwa. Nilimwamkia, nikamuuliza za nyumbani, nikamuuliza mkewe ameamkaje, halafu nikamwambia kwamba akilifunga hilo kabla sijajifungua, mimi na yeye tutakosana.

Akalirudisha kwenye rafu. Akavuta rejista, akalamba kidole, akatafuta mstari wangu wa zamani, ule wa kiambatanisho kimoja.

"Lini?" akauliza, kalamu mkononi.